Kihisi, kiashiria, ugonjwa: msamiati wa kupima saratani kwa nyuzi za nuru

kihisi *nm* vi- [ki-/vi-]: chombo kinachopokea badiliko la joto, mwanga, unyevu au kemikali na kulitoa likiwa ishara inayosomeka.

Fasili hiyo ni fupi, na kwa taa inayojiwasha giza linapoingia inatosha kabisa. Huanza kupwaya pale kihisi kinapotajwa katika habari za saratani. Msomaji wa magazeti hukutana mara kwa mara na sentensi ya namna hii: "Wanasayansi wametengeneza uzi wa kioo unaogundua saratani katika tone la damu." Sentensi ni fasaha na inatia moyo, lakini imefunga katika furushi moja vitu vitatu ambavyo daktari huvitenga: ishara inayotoka kwenye chombo, kiashiria kilichomo katika damu, na ugonjwa wenyewe. Kihisi hakioni ugonjwa. Huona kiashiria, tena kwa njia ya kuzunguka. Anayeandika au kutafsiri habari hizi kwa Kiswahili hana budi kujua mipaka hiyo, kwa sababu upo upande wa pili msomaji atakayefunga safari kwa sababu ya neno alilolisoma.

Uzi, nyuzi, faiba, mkongo

Uzi wa nuru ni unywele wa kioo safi unaopitisha mwanga kutoka ncha moja hadi nyingine. Umoja ni *uzi*, wingi *nyuzi* [u-/zi-]. Mwandishi aangalie kwamba *nyuzi* ni kipimo cha joto na cha pembe pia. Katika aya yenye "nyuzi 25" za joto na "nyuzi za nuru" pamoja, ni heri kusema *nyuzijoto* ili maana zisigongane. Mitaani jina lililoshika ni *faiba*, na halina ubaya wowote katika mazungumzo.

*Mkongo* ni neno jingine. Katika Tanzania limezoeleka kwa jina la Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009. Mkongo ni kamba nzima inayozikwa ardhini, nayo ina nyuzi nyingi ndani yake. Kuita unywele mmoja wa kioo "mkongo" ni sawa na kuita utambi taa. Neno hilo lina maana nyingine za zamani: mkongo ni mti wa mbao ngumu, ambao pwani huitwa mbambakofi, na Mkongo kwa herufi kubwa ni mtu wa Kongo. Lisichanganywe na *mkonga* wa tembo, kosa ambalo hata wahariri makini huliacha lipite.

Tabora imo katika miji iliyofikiwa na mkongo huo. Ni mji ule ambamo misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe kabla ya kushika njia ya Ujiji, na ambao reli ya kati iliufikia mwaka 1912. Kiswahili chenyewe kilipanda bara pamoja na wapagazi, na maneno ya biashara yalifika kabla ya maneno ya hospitali. Kusini mwa Tabora, kilomita zipatazo 70 kwa barabara iendayo Ipole na Rungwa, ndiko iliko Sikonge. Hapo *mkongo* ni neno la simu na intaneti. Kumwambia mtu kwamba kioo kilekile kinaweza kupima damu huonekana kama mzaha.

Si mzaha. Mwaka 1966 Charles Kao, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba mwanga ulikuwa ukipotea katika nyuzi za kioo kwa sababu ya uchafu uliomo ndani ya kioo, wala si kwa sababu ya tabia ya kioo chenyewe. Kioo kikisafishwa, mwanga husafiri mbali. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Uzi wa kawaida wa mawasiliano una unene wa mikromita 125, karibu na unywele wa mtu, na kiini kinachobeba mwanga ni mikromita 8 au 9 tu. Kinachobaki ni ganda, nalo ni la kioo pia, ila hupinda mwanga kidogo kuliko kiini. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya mwanga ugonge ukuta wa kiini na kurudi ndani, tena na tena, bila kutoroka. Kazi yote ya fundi wa mawasiliano ni kuzuia mwanga usitoke. Kazi ya mtengenezaji wa kihisi ni kinyume chake: kuuachia utoke kidogo, mahali anapopataka yeye.

Asali na damu

Wilaya ya Sikonge inajulikana kwa asali ya misitu yake ya miombo, na asali ndiyo njia nyepesi ya kueleza yanayofuata. Mnunuzi makini hupima maji yaliyomo katika asali kwa kipimo kidogo cha mkononi. Anapaka tone kwenye kioo, anakielekeza kwenye mwanga, anachungulia, na kusoma mstari unaogawa sehemu angavu na sehemu yenye kivuli. Viwango vya kimataifa vya Codex hutaka asali kwa jumla isizidi asilimia 20 ya maji. Kipimo hicho hakionji wala hakikaushi asali. Kinasoma tu jinsi tone lile linavyopinda mwanga. Maji matupu hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.33, asali nzuri kwa takriban 1.49. Maji yakizidi, mstari unahama.

Kihisi cha uzi wa nuru ni ndugu wa kipimo hicho. Mwanga unaporudi ndani ya kiini haugeuki kama mpira ugongao ukuta. Sehemu yake huchungulia nje kwa umbali mdogo sana, mamia machache ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kisha hufifia. Fundi akiuvua uzi ganda lake, au akiuvuta kwa joto hadi ukawa mwembamba zaidi, mwanga huo unaochungulia hukutana na kimiminika kilichouzunguka uzi. Kimiminika kikibadilika, hata kidogo, mwanga unaofika ncha ya pili hubadilika pia.

Ili badiliko lisomeke vizuri zaidi, uzi hupakwa dhahabu, madini ambayo wilaya ya Nzega katika mkoa huohuo wa Tabora inayajua vyema. Tabaka lake ni la nanomita 50 hivi, jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Rangi moja ya mwanga, yenye urefu maalumu wa wimbi, huzitikisa elektroni za uso wa dhahabu na kupoteza nguvu yake hapo. Rangi nyingine hupita salama. Mwanga unaotoka ukitandazwa kama upinde wa mvua, huonekana una pengo jeusi. Kitu chochote kikijikusanya juu ya dhahabu, pengo huhama. Wanasayansi wa Linköping, Sweden, walitumia tabia hiyo ya dhahabu kupimia vitu vya kibayolojia mwaka 1983, wakitumia kioo cha kawaida. Mwaka 1993 R. C. Jorgenson na S. S. Yee, wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, waliihamishia kwenye uzi wa nuru.

Basi ishara ya kihisi ni hii, na haipiti hapa: pengo limehama nanomita kadhaa. Hakuna neno "saratani" lililoandikwa popote katika upinde ule wa rangi.

Ulimbo unaochagua

Pengo huhama kwa kitu chochote. Ili lihame kwa sababu ya kitu kimoja tu, uso wa dhahabu hutandikwa kingamwili *nm* [i-/zi-], yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kukamata kitu mahususi. Neno hili liandikwe kama neno moja. *Kinga ya mwili*, kwa maneno matatu, ni uwezo wote wa mwili kujilinda. *Kingamwili* ni askari mmoja wa uwezo huo. Matini za zamani kidogo zina *fingomwili*, kutokana na *fingo*, dawa iliyozikwa mlangoni au shambani kuzuia mabaya. Ni neno lenye picha nzuri kuliko lililolishinda.

Picha inayofaa zaidi kwa kazi ya kihisi, hata hivyo, ni ya ulimbo. Ulimbo wa mtega ndege hunasa ndege yeyote atakayetua. Kingamwili ni ulimbo unaochagua: kiashiria chake kikitua kinanaswa, vingine vinapaswa kuruka na kwenda zao. Hapo *kinaponaswa*, uzito mpya huongezeka juu ya dhahabu, pengo huhama, na hesabu hufanywa.

Shida imo katika neno "vinapaswa". Kiashiria kimoja kinachotafutwa sana ni protini ya tezi dume iitwayo PSA kwa kifupisho chake cha kimataifa. Kiwango ambacho madaktari wengi wamekuwa wakikitumia kama mpaka wa kuanza kuchunguza zaidi ni nanogramu 4 katika mililita moja ya damu. Katika mililita ileile mna miligramu 40 hivi za albumini, protini ya kawaida ya damu. Yaani kwa kila chembe ya uzito wa PSA kuna uzito wa albumini mara milioni kumi. Ulimbo uliokosewa hata kidogo utajaa ndege wasiotakiwa, na pengo litahama vizuri kabisa bila sababu ya maana. Tena uzi huhisi joto: kimiminika kikipata joto hupinda mwanga kwa kiwango kingine, na kihisi kisichokuwa na uzi wa pili wa kulinganishia hakitofautishi kiashiria na joto la alasiri ya Oktoba.

Hizo ni sababu mojawapo za vihisi hivi kuonekana zaidi katika maabara za utafiti kuliko wodini; si sehemu ya vipimo vya kawaida vya hospitali za wilaya. Mvuto wao ni wa haki, lakini. Ncha ya uzi haihitaji umeme, ni nyembamba kiasi cha kupita ndani ya sindano, hutaka tone dogo la damu, na hujibu kwa dakika ambazo vipimo vya kawaida vya kingamwili huzihesabu kwa saa. Kwa mahali ambapo sampuli husafiri kwa barabara ya vumbi kabla ya kusomwa, dakika hizo si anasa.

"Ana tezi dume"

Hakuna kiashiria kinachoonyesha hatari ya maneno kama PSA. Katika mazungumzo ya Tanzania, ukisikia "mzee fulani ana tezi dume", umeambiwa kwamba mzee ni mgonjwa. Lakini kila mwanamume ana tezi dume. Ni kiungo, kama ini au figo. Usemi huo umefupisha magonjwa mawili au matatu kuwa jina la kiungo. Kuna *kuvimba kwa tezi dume*, ambako huja kwa umri na si saratani. Kuna *maambukizi ya tezi dume*. Kuna *saratani ya tezi dume*. Yote matatu yanaweza kupandisha PSA katika damu. Kwa upande mwingine, wapo wenye saratani ambao PSA yao haijavuka 4.

Kwa hiyo hata kihisi kikamilifu, kisichonasa albumini wala kudanganywa na joto, kitasema jambo moja tu: PSA ni nyingi. Mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe iliidhinisha kipimo cha PSA mwaka 1986 kwa kufuatilia wagonjwa waliokwisha kujulikana. Ruhusa ya kukitumia kusaidia utambuzi, pamoja na uchunguzi wa daktari kwa kidole, ilikuja mwaka 1994. Anayethibitisha saratani ni mtaalamu wa darubini, baada ya kile ambacho wauguzi hukiita *kuchukua kinyama*. Usemi huo wa wodini ni mzuri, unaeleweka na kila mgonjwa, na hauna sababu ya kuondolewa kwa ajili ya *biopsi*.

Mfano wa ini ni mfupi zaidi. Kiashiria chake kimojawapo, AFP, hupanda kwa saratani ya ini, na hupanda pia kwa mjamzito asiye na ugonjwa wowote.

Kipimo kinachotumika sana nchini kuchunguza mlango wa kizazi kina tabia hiyohiyo, ingawa hakina uzi wala dhahabu. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, husubiri kidogo, na kuangalia kama kuna mahali palipogeuka kuwa peupe. Weupe ni ishara. Hauwi saratani kwa kuonekana kwake, na mara nyingi ni mabadiliko ya awali yanayotibika siku hiyohiyo. Mama aliyeambiwa "tumekuta kansa" badala ya "tumeona weupe unaohitaji matibabu" amepewa habari nyingine kabisa.

Chanya na hasi

*Chanya* katika hesabu ni kuongeza, na katika lugha ya siku hizi ni kitu chema: fikra chanya, mabadiliko chanya. Katika maabara ni kinyume cha matumaini ya mgonjwa. "Majibu yako ni chanya" hupokewa na baadhi ya watu kwa tabasamu. Kamusi haiwezi kuliondoa neno lililokwisha kukaa kwenye fomu za hospitali, ila inaweza kushauri kwamba mdomoni litanguliwe au lifuatwe na maelezo: *kiashiria kimeonekana*, au *kiashiria hakikuonekana*.

Hata hilo la pili na la kwanza lina hesabu nyuma yake. Chukua watu 1000 na uwaze kwamba 10 kati yao wana saratani. Kipimo kinakamata wagonjwa 9 katika kila 10, na kwa wazima kinakosea mara 5 katika kila 100. Ni kipimo ambacho gazeti lingekisifu. Wagonjwa 9 watapata jibu chanya. Wazima ni 990, na asilimia 5 yao ni karibu 50. Jumla ya waliopata chanya ni 59, na kati yao wenye saratani ni 9 tu. Sifa ya kwanza, ya kutomwacha mgonjwa, huitwa *unyeti* wa kipimo. Ya pili, ya kutomsingizia mzima, huitwa *umahususi*. Maneno yote mawili ni magumu sikioni, na *unyeti* una maana nyingine ya mtu mwepesi wa kuumia moyo, ila mpaka sasa ndiyo yaliyopo.

Wale 50 si namba kwa mkazi wa Sikonge. Mji una hospitali, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Moravian, na hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete, Tabora mjini. Ushahidi wa saratani na tiba ya mionzi viko mbali zaidi: Bugando iliyoko Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya reli ileile. Jibu la kihisi lililotamkwa vibaya ni nauli, ni mbuzi aliyeuzwa kwa bei ya haraka, ni msimu wa tumbaku uliokosa mikono. Na jibu la kweli lililochelewa ni msiba. Ndiyo maana tofauti kati ya *kugundua saratani* na *kupima kiashiria* haiwezi kuachwa kama suala la mapambo ya lugha.

Saratani au kansa?

Yote mawili ni sahihi. *Saratani* limetoka Kiarabu, ambako maana yake ya kwanza ni kaa, mnyama wa pwani. *Kansa* limepita Kiingereza kutoka Kilatini, ambako maana ni kaa vilevile. Wanafalaki wa Kiswahili hulitumia *Saratani* kwa nyota ya Kaa. Maandishi rasmi hupendelea *saratani*, mazungumzo hupendelea *kansa*, na anayeandika atumie moja katika matini moja ili msomaji asidhani ni magonjwa mawili.

Kihisi, si sensa

Wapo wanaotohoa na kuandika *sensa* kwa maana ya chombo. Nafasi hiyo imekwisha kukaliwa: sensa ni hesabu ya watu, kama ile ya Agosti 2022 nchini Tanzania, na "sensa ya saratani" itaeleweka kuwa ni kuhesabu wagonjwa. *Kihisishi* nacho si chombo. Ni neno la kisarufi kwa maneno kama *lo!* na *salale!*

*Kihisi* linabaki, na lina faida ambayo walioliunda huenda hawakuikusudia. Kitenzi *hisi* kina maana mbili. Ya kwanza ni kupata habari kwa mwili: kuhisi baridi, kuhisi maumivu. Ya pili ni kudhani bila kuthibitisha; katika taarifa za magonjwa ya mlipuko, *mhisiwa* ni mtu ambaye vipimo vyake bado havijakamilika. Mwenye PSA iliyopanda ni mhisiwa kwa maana hiyo hasa, na fomu ya rufaa inaweza kuandikwa hivyo bila kupunguza wala kuongeza: *anahisiwa kuwa na saratani ya tezi dume, apelekwe kuchukuliwa kinyama.*